Barua ya 1991 sikuijibu. Nimtafute sasa?

Swali: Nina miaka 62, nilistaafu uhasibu wa halmashauri miaka miwili iliyopita, ninaishi Morogoro. Kidato cha tano na cha sita nilisoma Tabora. Tulilala dabodeka moja na mwenzangu wa Nachingwea, yeye chini mimi juu. Mwaka 1983 tukaenda wote JKT Makutupora. Tuliandikiana barua hadi 1991, aliponiandikia kwamba mwanawe anaumwa, kama nina chochote nimsaidie. Mshahara ulikuwa haufiki hata katikati ya mwezi, nikasema nitamjibu mwezi ujao. Sikujibu. Mwaka huu amenijia sana moyoni, nadhani kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Naogopa atadhani nimeishiwa namtafutia hela, au amenisahau, au ameshafariki. Jina lake la ndoa silijui. Nilichobaki nacho ni picha moja tuliyopiga tukiwa na magwanda. Halafu kuna kaka mmoja wa kombania yetu, namba yake nimeipata juzi. Huyo nimsalimie tu? Mume wangu yupo.

Jibu: Shikamoo mama. Umeniletea maswali manne kwenye barua moja, na lile la kaka wa kombania umelichomeka mwishoni kama mgeni anayekumbuka neno akiwa ameshavaa viatu. Nitalifikia. Kwanza mwenzako wa Nachingwea, maana ndiye aliyekushikisha kalamu.

Mtafute. Nalisema mapema usije ukasoma yote haya ukingoja hukumu.

Kazi yangu ni ushauri nasaha, na huwa naitwa kwenye semina za watumishi wanaokaribia kustaafu. Pale watu wanafundishwa hesabu za kiinua mgongo, kufuga kuku wa mayai, kulima parachichi, na namna ya kumkwepa shemeji mwenye wazo la biashara. Kipindi cha marafiki hakipo kwenye ratiba. Kisha inafika Jumatatu ya kwanza, simu hailii, na mtu anagundua kwamba wale thelathini aliokuwa akicheka nao kila siku walikuwa watu wa ofisi. Ofisi imebaki nao. Hapo ndipo sura za zamani huanza kupiga hodi, na wengi huja kwangu wakinong'ona kama wewe, wakidhani ni uzee umewazidi.

Si uzee kukuzidi. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba mtu akihisi muda uliobaki si mwingi, huwapunguza watu wa kujuana nao juujuu na kuwasogelea wale waliomgusa. Wanaochunguza kumbukumbu nao wameona kwamba mtu mzima akiulizwa ya nyuma, yanayomjia kwa wingi ni ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Hesabu mwenyewe: Tabora na Makutupora zimeangukia katikati kabisa. Ungemkumbuka nani mwingine, bosi wako wa mwisho?

Sasa hilo la kupotezana. Umeliandika kama kosa lako peke yako, na hapo sikubaliani nawe. Nchi ilikuwa ikiwachanganya wanafunzi makusudi, mtoto wa Lindi anapelekwa Tabora, wa Tanga anapelekwa Songea, ili Watanzania wajuane. Mkajuana kweli. Masomo yakaisha, JKT ikaisha, kila mmoja akarudi pembe yake ya nchi na uzi pekee uliobaki kati yenu ukawa S.L.P. Na lile sanduku mara nyingi halikuwa lenu. Lilikuwa la baba kazini, la shule, la misheni. Baba akihamishwa au akistaafu, barua zinaendelea kwenda kwenye sanduku ambalo ufunguo wake ameshaukabidhi kwa mtu mwingine. Kumfuata Nachingwea nako ilikuwa safari ya kuaga ukoo mzima: Rufiji inavukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikaza, Lindi na Mtwara zinabaki kivyao. Daraja la Mkapa limefunguliwa mwaka 2003. Hata kama ungeijibu ile barua, sina hakika kwamba 2003 ingewakuta bado mnaandikiana. Sikufutii kosa. Nakupunguzia tu ule mzigo ambao si wako, ubaki na wa kwako.

Hofu ya hela ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Kwetu, mtu aliyepotea miaka thelathini akipiga simu, anayepokea hufikiri mambo matatu kwa mpigo: kuna msiba, kuna mchango wa harusi, au kuna mkopo. "Umeadimika wewe!" anasema kwa kicheko, huku mkono mmoja umefunika mfuko. Na sisi wenyewe tumechangia tabia hii. Watu wa rika lako siku hizi wanakutana misibani, wanaahidiana chini ya turubai kwamba "tusingoje msiba mwingine", kisha wanangoja msiba mwingine.

Kwa hiyo dawa ya hofu hiyo ni kuitaja. Sema waziwazi, mapema, kwamba huna shida unayompelekea. Watu wetu wengi wataona kusema hivyo ni kukosa adabu, kwamba unamshuku mwenzio ni mchoyo. Mimi nimeona kinyume chake. Ukishalisema hilo, anayesoma anapumua, na sentensi zinazofuata anazisoma kwa moyo.

Kuhusu hofu ya kwamba atakuona msumbufu, utafiti uko upande wako. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake, yeye akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, walichapisha matokeo ya majaribio kadhaa kuhusu watu wanaowatafuta wenzao bila sababu maalumu, kwa salamu tu. Mara kwa mara mtumaji alikadiria furaha ya mpokeaji chini ya ilivyokuwa kweli, na salamu ilivyozidi kuwa ya ghafla ndivyo ilivyozidi kuthaminiwa. Miaka miwili baadaye Lara Aknin na Gillian Sandstrom wakaonyesha upande wa pili: hata mtu akiwa na hamu, namba anayo na muda amepewa, wanaotuma ujumbe kwa rafiki wa zamani hawafiki theluthi. Nasi Waswahili tunajidhani wepesi wa salamu! Watafiti hao wawili walipata njia moja iliyosaidia, nayo ni nyepesi hata inachekesha. Walipowaambia watu wawaandikie kwanza marafiki zao wa kila siku kwa dakika chache, kisha ndipo wamwandikie wa zamani, walipata 53 kati ya 100 waliotuma; kwa wengine waliotuma walikuwa 31. Kumbe kinachozuia ni ugumu wa kidole kuanza, kama baiskeli iliyolala stoo. Basi siku utakayomwandikia, anza na dada yako, jirani, na yule mama wa kikoba. Wa nne awe yeye.

Lakini umwandikie wapi? Hapa wanawake wana tabu kuliko wanaume. Jina la shule limebadilika kwa ndoa, na mtaani pengine hakuna anayelijua hata hilo la ndoa. Anaitwa Mama Fulani na basi. Ndiyo maana usianze na yeye, anza na kaka zake. Kaka hajabadili jina. Ukikumbuka jina la baba, la kijiji, na la ndugu mmoja wa kiume, una mahali pa kuanzia pazuri kuliko kuandika jina lake kwenye Facebook na kupepesa macho kwa sura mia. Piga simu au fika ofisi ya mtendaji wa kata ya kwao. Maeneo kama yale bado yana wazee wanaojua ukoo wa nani ulihamia wapi. Kama walikuwa watu wa kanisani, parokia ina madaftari na katekista mzee. Kama ni Waislamu, msikitini hukosi mtu aliyesoma madrasa na mdogo wake. Na magrupu ya WhatsApp ya waliosoma pamoja yapo mengi. Huhitaji kujiunga ukavumilia picha za maua za "asubuhi njema" na michango mitatu kwa wiki. Muombe mtu aliyemo aulize kwa niaba yako, na hapo uliza kwa jina la shule na mwaka.

Ila usimwanike. Usiweke picha yake na jina lake kamili mtandaoni ukitangaza unamtafuta. Hujui anaishi na nani, anamkimbia nani, wala alishawaambia nini wakwe zake. Tena tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na hata bila sheria ni heshima tu. Ukimpata mtu wa kati anayemjua, mpe namba yako imfikie yeye, badala ya kuomba yake. Mwenye kuamua kupatikana awe yeye. Na kwa upande wako jihadhari: nchi iliyozoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haikosi kijana atakayejifanya ni rafiki yako wa Tabora ndani ya dakika kumi. Muulize aliyelala kitanda cha juu ni nani.

Usianze kwa kupiga. Namba ngeni inayoita saa mbili usiku inatisha, na ule mchezo wetu wa "bashiri ni nani!" ni mateso kwa mtu wa miaka sitini. Vilevile usiulize "unanikumbuka?" Hilo ni mtihani, na akifeli mtaaibika wote wawili. Wewe mkumbushe. Andika mistari michache:

"Habari za siku nyingi. Mimi ni (jina lako la shule), tuliyelala dabodeka moja Tabora, wewe chini mimi juu, kisha tukawa wote Makutupora 1983. Sasa naishi Morogoro, nimestaafu, sote wazima. Leo nimeiona picha yetu ya magwanda nikakukumbuka. Sina shida yoyote ninayokuletea, nilitaka ujue sijakusahau. Ukipata nafasi nijulie hali. Usipopata, salamu zimefika."

Sentensi ya mwisho usiifute hata ukiiona ni baridi. Ndiyo inayomwachia mlango. Ninyi mlikuwa mkiandika "dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu", mkinakiliana kutoka daftari hadi daftari. Tuliicheka sana sisi tuliowafuata. Leo naiona ilikuwa salamu nzuri, iliuliza hali tu. Ukitaka iweke mwanzoni. Kama ni yeye kweli, atacheka kabla hajamaliza mstari.

Je, ile barua ya 1991 uitaje hapo? Hapana. Wengine katika kazi hii watakwambia uanze na msamaha. Naona ni kumtwisha mtu kazi ya kukusamehe kabla hajakujulia hali. Ngoja mzungumze kwa sauti, mara ya pili au ya tatu, kisha useme kwa sentensi mbili: "Ile barua uliyoniandikia mtoto akiumwa niliipata. Sikuwa na kitu, nikaona aibu kukwambia sina, nikanyamaza. Nisamehe." Nyamaza hapo. Usieleze mshahara ulikuwa shilingi ngapi na bei ya sukari ilikuwaje. Na tafadhali usimtumie hela kwenye simu kama fidia, maana itafanya miaka yote hii ionekane kama deni ambalo sasa limelipwa.

Ujiandae kwa majibu ya ajabu. Anaweza kusema haikumbuki barua hiyo kabisa. Mwamini, hata kama wewe imekukosesha usingizi. Anaweza kukumbuka jambo jingine baya uliloliona dogo, maneno uliyomwambia siku moja mbele ya afande. Au mtoto yule hakupona. Hili lifikirie vizuri kabla hujapiga, mama, kwa sababu likitokea hakuna maelezo yatakayofaa. Utasema pole, utamuuliza mtoto aliitwa nani, na utasikiliza.

Kwa sababu hiyohiyo yapo maswali yetu ya kawaida ambayo nakuomba uyaweke kando: "baba yuko?", "watoto wangapi?", "mbona umekonda?" Kizazi chenu kimepita mahali pagumu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa nchini, kule Kagera, walikuwa wa 1983, mwaka uleule mlipokuwa makuruta. Miaka ishirini iliyofuata ugonjwa ulikula hasa watu wa umri wenu, walimu na wauguzi na madereva, na waliobaki wengi wamelea watoto wa ndugu au wamezika waume wawili. Muulize "maisha yamekupitisha wapi?" Swali hilo linamwacha achague pa kuanzia, na pa kuruka.

Na kama ameshafariki? Umeogopa jambo ambalo linawezekana, sitakudanganya. Nimekaa na watu waliochelewa kwa miezi miwili tu. Lakini hata hapo usirudi nyumbani kimyakimya. Uliza watoto wake wako wapi, upeleke mkono wa pole hata kama msiba una miaka kumi. Wale watoto wanamjua mama aliyekuwa mama tayari. Hakuna aliyebaki wa kuwaambia kwamba akiwa na miaka ishirini alikimbia mchakamchaka akiimba kwa sauti gani, aliogopa nini usiku kwenye lindo, alitaka kuwa nani. Wewe unayo hiyo. Dada mmoja niliyewahi kumhudumia alipokewa hivyo na mabinti wa marehemu rafiki yake, wakamketisha hadi usiku wakimwambia "endelea, shangazi".

Sasa yule kaka.

Umeandika "nimsalimie tu?" Lile neno "tu" ndilo lililonishtua. Nancy Kalish, mwanasaikolojia wa California aliyewachunguza wapenzi wa zamani waliotafutana tena, aliona kwamba waliokuwa huru mara nyingi walifanikiwa kujenga ndoa nzuri. Wenye ndoa zao aliwaonya waziwazi wasicheze na jambo hilo, kwa sababu wengi walianza bila nia yoyote, kwa salamu tu. Hamkuwa na lolote? Basi mume wako aisome salamu hiyo kabla hujaituma, au uiandike ukiwa umekaa naye sebuleni. Kama hilo wazo limekufanya ukunje uso, jibu umeshalipata bila mimi, na namba hiyo ifute leo kabla hujaikariri.

Turudi kwa mwenzako. Ukimwandikia asijibu, usihesabu siku. Wenye smartifoni kule wanaweza kuwa na bando leo na wasiwe nalo hadi wiki ijayo, na kati ya Oktoba na Disemba watu wa Nachingwea wako kwenye korosho. Mwezi ukipita, mtumie mara moja zaidi, kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Kisha acha. Akijibu kwa maneno mawili, "nipo salama", usitafsiri kwamba amekukataa. Wapo watu ambao maandishi yamewashinda na sauti ndiyo inayowafungua. Mtumie sauti yako. Sauti haizeeki haraka kama uso, na ndiyo anayoikumbuka gizani kutoka kitanda cha juu.

Yawezekana pia mkapatana vizuri kwa simu tatu, mkacheka, kisha mazungumzo yakaisha. Hutokea sana, na si ajabu. Yule uliyemwacha 1984 ameshaondoka, kama wewe ulivyoondoka. Huyu ni mwanamke mwingine mwenye kumbukumbu zake. Atakuwa na dini kali kuliko zamani, au siasa usizozipenda, au wajukuu sita wanaomwita kila baada ya dakika mbili. Na akikuomba hela, maana hilo nalo lipo, toa unachoweza kutoa bila kukirudia moyoni, au sema huna. Safari hii sema tu.

Mkifika hatua ya kuonana, nenda wewe. Ulinyamaza wewe, nauli iwe yako. Usiende mkono mtupu: doti ya khanga, sukari, kitu cha wajukuu. Usilale kwake safari ya kwanza hata akikuapisha. Chukua chumba gesti mjini, ili naye apate mahali pa kupumua na wewe upate pa kulia ukitaka.

Na ile picha ya magwanda usimtumie kwenye simu. Ipeleke studio wakuchapie nakala mbili kwenye karatasi nzuri, nyuma ya moja andika mwaka na jina lake la shule, umpe mkononi.